Unga Mweupe Chini ya Vaisi

Jumatano, tarehe sita Agosti, saa mbili kasorobo asubuhi, mtu asiyejulikana alisimama mlangoni mwa karakana ya mzee Gatimu mjini Nyeri, akakung'uta tope kwenye viatu na kuuliza kama hapo ndipo ilipo ile baiskeli ya alumini.

Njoki alikuwa amefungua kufuli dakika mbili tu zilizopita. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mabati na pumzi yake ilitoka kama moshi.

"Ni hapa," alisema. "Na wewe ni nani?"

"Naitwa Ben. Natoka Nanyuki. Niliona picha uliyoweka kwenye simu, ile ya magurudumu yakiwa yamenyooshwa. Nikasema lazima niiguse."

"Haiuzwi."

"Si nimesema kugusa? Kugusa pia ni pesa huku kwenu?"

Njoki alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na katika wiki mbili zilizopita hakuna aliyeijali kazi ile isipokuwa yeye na mzee. Watu walikuwa wakichungulia na kuuliza kwa nini anahangaika na kitu chepesi kama sufuria. Kwa hiyo alimpeleka mgeni hadi ukuta wa nyuma, penye blanketi la kijivu, akalivuta.

Chini yake palisimama Black Mamba nyeusi, nzito, ya mteja wa Mukurwe-ini. Breki yake ya mbele ilikuwa imefungwa kwa utepe wa tyubu ili baiskeli isiteleze.

Ben aliitazama, kisha akamtazama Njoki. "Alumini ya Nyeri inakula vizuri," alisema.

Njoki hakucheka tena. Fremu ya alumini ilikuwa imetoweka.

Alifanya kitu ambacho baadaye kilimsaidia sana: hakukimbia huku na huku. Alimwomba Ben abaki mlangoni, akachukua daftari la kazi na kuandika saa. Kisha akaangalia kimoja kimoja. Kufuli halikuwa limevunjwa. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani. Magurudumu mawili ya baiskeli ile yalikuwa bado yananing'inia kwenye misumari, na friwili yake, ile gia inayolia mtu asipokanyaga pedali, imekaa mahali pake kwenye gurudumu la nyuma. Kwenye sanduku la mbao kulikuwa na usukani, pedali, keria na kengele. Kilichokosekana ni fremu peke yake, na nguzo ya kiti iliyokuwa imekwama ndani yake.

Ben alinyoosha shingo. "Wamekuachia friwili? Basi huyo mwizi hajui kitu. Hiyo friwili ni ya kutafutwa na tochi."

"Ndiyo maana nashangaa," Njoki alisema.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya marehemu Kinyua wa Mweiga. Mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nne alikuwa Italia akisomea upandishaji wa ng'ombe, na siku zake za likizo alizunguka huko kwa baiskeli ya safari. Aliporudi nyumbani alikuja nayo. Kwa miaka thelathini aliitumia kwenda kwa wafugaji, chupa ya baridi yenye mbegu za madume imefungwa kwenye keria, akipanda na kushuka miteremko iliyo chini ya Aberdare. Watu walisema ng'ombe wa Mweiga nusu yao walitokana na baiskeli ile.

Mjane wake, cucu Murugi, alikuwa amepofuka. Njoki alipokwenda kuichukua, bibi huyo aliishika friwili na kuizungusha kwa kidole.

"Imekuwa bubu," alisema. "Zamani ilikuwa inalia kama nyenje. Akianza kuteremka kule juu barabarani, mimi naisikia, naweka chai. Akifika, chai iko tayari. Miaka thelathini sikuwahi kumuuliza anarudi saa ngapi."

Shamba lilikuwa limekodishwa. Jumamosi tarehe tisa, saa sita mchana, gari lingemchukua cucu kwenda kukaa na binti yake huko Kutus, na hangerudi tena. Aliomba kitu kimoja: kabla ya kuondoka, aisikie baiskeli ikiteremka mara moja.

"Jumamosi saa nne nitaileta mimi mwenyewe," Njoki alimwahidi.

Friwili alikuwa ameshaiosha grisi iliyoganda na inalia tena, lakini sasa zilibaki siku tatu, na hapakuwa na baiskeli.

Mzee Gatimu alifika saa mbili na dakika ishirini, akiegemea mwavuli wake. Alikuwa na miaka sitini na minane, na arobaini na mmoja kati ya hiyo aliitumia katika karakana ile. Njoki alipokuja kuomba kufunzwa, mafundi wengine watatu walikuwa wameshamwambia aende akasuke nywele. Gatimu alimpa spana na kumwambia afungue nati. Ilipofunguka, alimwambia arudi kesho.

Njoki alimweleza. Mzee alisikiliza akiwa amesimama. Hakuuliza swali.

"Jana mimi nilikuwa Karatina kutafuta spoku," Njoki alisema. "Ulifunga saa ngapi, Mzee?"

"Saa kumi na moja. Goti lilikuwa linasumbua."

"Na fremu ilikuwa hapo?"

"Blanketi lilikuwa hapo," mzee alijibu. "Wezi wa siku hizi, mama, hata blanketi wanakuachia."

Kisha alichukua kigoda chake, akaenda kuketi kwenye kona, mbele ya rundo la tairi kuukuu lililofika karibu na paa, akaanza kubandua kiraka.

Ben alikuwa akisubiri langoni na baiskeli yake mwenyewe. Njoki alimuuliza bila kuzunguka alikuwa wapi jana.

"Unanishuku?"

"Umekuja siku ambayo kitu kimepotea. Ungekuwa mimi?"

Ben alitoa simu, akamwonyesha picha za jana. Alikuwa Timau na watalii kumi na mmoja, mchana kutwa, na ya mwisho walikuwa wameketi mezani kwa chakula cha jioni. Njoki aliandika. Lakini hata bila picha hizo alikuwa na sababu nyingine ya kumwacha: macho ya Ben yalikuwa yamekwenda kwenye friwili kabla ya kitu kingine chochote. Mtu kama huyo asingeiba fremu na kuiacha hiyo.

"Sikiliza," Ben alisema akipanda baiskeli. "Natafuta fundi wa msafara wa baiskeli wa kuzunguka mlima. Miezi sita, mshahara kila mwisho wa mwezi. Magurudumu yako nimeyaona. Jumamosi saa nne asubuhi niko ofisini Nanyuki, nachagua. Kuna kijana wa Meru pia anakuja. Fika."

"Jumamosi saa nne?"

"Saa nne kamili. Jioni tunaondoka kwenda Chogoria."

Njoki aliandika saa hiyo pembeni ya daftari. Alikuwa na kazi ya haraka zaidi.

Karakana ilikuwa ndani ya uwanja wenye lango moja tu. Pembeni ya lango palikuwa na kibanda cha Beth, aliyeuza chai na mandazi tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja jioni, na ndiye aliyefunga lango kwa mnyororo. Ufunguo wa pili wa karakana ulining'inia kwenye msumari ndani ya kibanda chake.

"Beth, jana ni nani aliingia?"

"Jana? Jana ilikuwa baridi, watu wachache." Beth alihesabu kwa vidole vyenye unga. "Mama wa tairi ya mkokoteni. Ngatia, yule kijana wa Mweiga. Basi."

"Ngatia mwana wa cucu Murugi? Alitaka nini?"

"Alikuja saa nane na pikapu ya viazi. Wakapigiana kelele na mzee, ati baiskeli iko na mnunuzi, ati mama yake hajui bei ya vitu. Dakika kumi, akatoka amenuna."

"Pikapu ilikuwa imefunikwa?"

"Kwa turubai."

Njoki alisimamisha kalamu. Beth aliona, akatikisa kichwa.

"Wacha hiyo, dadangu. Nilimsimamisha hapa hapa nikanunua ndoo mbili. Nikamwambia anishushie vya chini, si hivi vya juu vya kuonyesha watu. Tulifukua mpaka mbao. Kama kulikuwa na baiskeli humo, basi nimeipika."

"Na Mugendi, yule wa masufuria?"

"Huyo alienda Kutus na masufuria Jumatatu. Amerudi asubuhi hii, hata hajanilipa mandazi."

"Kuna mtu alitoka na mzigo wowote? Gunia, sanduku?"

"Nani? Mzee alitoka na mwavuli wake saa moja nikifunga mnyororo. Nikamwambia pole na mvua. Hakuniitikia."

Njoki aliandika: *saa moja*. Aliyatazama maneno hayo mawili kwa muda, kisha akafunga daftari.

Banda la Mugendi lilikuwa upande wa pili wa uwanja. Alikuwa mtu wa Chuka, mfupi, mwenye nyusi zilizoungua miaka mingi iliyopita na hazikuota tena. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha alumini kuukuu na kumwaga masufuria. Asubuhi ile tayari watu wawili walikuwa wamempigia kelele kutoka barabarani wakimuuliza ameipika baiskeli ya marehemu na chumvi au bila chumvi.

"Hata wewe umekuja kuchungulia chungu changu," alisema Njoki alipoingia.

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Lakini tazama kwanza. Tanuri ni baridi tangu Jumatatu. Weka mkono."

Njoki aliweka mkono. Majivu yalikuwa yamelowa.

"Ukiletewa fremu kama ile, ungejua?"

"Alumini ya mirija ni nyembamba kama ganda la yai. Ukiionyesha moto mkali kidogo tu, imelala. Mimi naiyeyusha kwa sababu nataka iyeyuke. Mtu mwenye akili hawezi kuiweka moto akitaka ibaki." Alisita. "Lakini kuna kitu. Mtungi wangu mdogo wa gesi, ule wa kichwa cha moto. Niliuacha umejaa. Sasa ni mwepesi."

"Ufunguo wa banda unaachia nani?"

"Uko pale pale kwa Beth, msumari mmoja na wenu. Kila mtu anajua. Njoki, mimi ni mtu wa kuja hapa. Kitu kikipotea Nyeri na kilikuwa cha alumini, nani atashikwa?"

Aligeuka, akaanza kupanga masufuria.

Ngatia alifika saa tisa. Njoki alimweleza mlangoni, na uso wa kijana yule ulipita kutoka mshangao mpaka hasira.

"Mmeiuza."

"Hatujaiuza."

"Basi ni yule wa masufuria. Mama anaamka kila siku anauliza imebaki siku ngapi. Mimi nilitaka iuzwe, ndiyo, sitaficha. Lakini nitamwambia nini? Ati imekuwa sufuria?" Alielekeza kidole kwenye banda la Mugendi. "Kesho saa tatu nakuja na askari. Kama haijapatikana, anakwenda nao."

"Hujui kama ni yeye."

"Na wewe unajua ni nani?"

Mzee Gatimu, kwenye kona yake, alikuwa akibandua kiraka kile kile cha asubuhi. Chai aliyoletewa na Beth ilikuwa imeota utando.

Saa kumi mzee alitoka kwenda msalani, na Njoki akawa peke yake. Alienda kwenye meza ya kazi. Alikuwa ameipita mara ishirini siku hiyo akitazama kuta na milango. Sasa alitazama sakafu.

Chini ya vaisi, ule mdomo mkubwa wa chuma uliofungwa kwenye meza kwa ajili ya kubana vitu, kulikuwa na unga mweupe, laini, kiasi cha kijiko. Aliupitisha kati ya vidole. Karibu nao palikuwa na tone la kahawia lililoganda, gumu kama utomvu wa mti, likavunjika alipolibonyeza kwa ukucha. Kwenye meza kulikuwa na vile vipande viwili vya mbao ngumu ya mutamaiyu walivyotumia kuzuia meno ya vaisi yasiumize kitu. Kimoja kilikuwa kimeungua upande mmoja.

Njoki aliketi.

Aliujua unga ule. Zamani nguzo ya kiti ya baiskeli ya Kinyua ilivunjika, na fundi fulani akamwekea ya chuma cha kawaida. Chuma kikikaa ndani ya alumini, miaka ikipita na mvua ikiingia, alumini huota kutu yake, nayo si nyekundu, ni nyeupe. Hiyo kutu ndiyo iliyoikamata nguzo. Kwa wiki mbili Njoki alikuwa akiidondoshea mafuta mepesi kila asubuhi, akijaribu kuizungusha kidogo, akiacha. Unga ule haungeweza kuanguka sakafuni mpaka nguzo itoke.

Kwa hiyo mtu alikuwa ameitoa nguzo. Alikuwa amebana fremu kwa vipande vya mbao ili asiikwaruze, akaipasha moto, akavuta. Hiyo si kazi ya kuiba. Mwizi hatengenezi.

Na lile tone la kahawia? Njoki alikuwa amesoma, na akamwambia mzee zaidi ya mara moja, kwamba fremu za alumini za aina ile hazikuchomelewa. Mirija yake ilitiwa kwenye viungo kwa gundi na skrubu. Mzee alikuwa amecheka mpaka akakohoa. "Chuma kwa gundi! Ni bahasha hiyo?"

Aliinua macho. Black Mamba ilikuwa bado pale ukutani, utepe wa tyubu kwenye breki: mizunguko miwili, fundo kwa chini. Hakuliona fundo lile asubuhi kwa sababu ndilo alilofunga yeye mwenyewe kila siku. Watu wawili tu duniani walifunga breki hivyo. Mmoja wao jana alikuwa Karatina.

Kisha akatazama kigoda. Kwa miaka yote aliyomjua, mzee aliketi dirishani, kwa sababu macho yake yalihitaji mwanga. Leo alikuwa ameketi gizani mchana kutwa, mgongo kwenye rundo la tairi.

Hatua za mzee zilisikika nje. Njoki alikusanya unga ule kwenye karatasi, akaukunja. Alitaka sana kuwa amekosea.

Alhamisi saa tatu, Ngatia alikuja kama alivyosema. Alikuwa na askari mmoja wa kawaida, mwenye koti la mvua, aliyeonekana kutamani chai kuliko kumkamata mtu. Mugendi aliitwa. Alisimama katikati ya karakana, mikono mbele, kana kwamba pingu tayari zilikuwapo. Beth alikuwa mlangoni na kijiko chake kikubwa.

"Kabla hamjaenda," Njoki alisema, "naomba dakika tano."

"Jana ulikuwa na siku nzima," Ngatia alisema.

"Ndiyo, na nimeitumia." Alifungua karatasi juu ya meza. "Huu ni unga wa kutu ya alumini. Ulikuwa chini ya vaisi. Maana yake ni kwamba juzi mtu aliitoa nguzo ya kiti, hapa, kwa moto. Mbao hii imeungua. Mwizi anayetaka kukimbia hawezi kukaa saa nzima akitengeneza anachokiiba."

Askari alisogea kutazama.

"Kisha Beth. Lango ni moja. Hakuna mzigo uliotoka. Pikapu ya Ngatia ilifukuliwa mpaka chini."

"Viazi vilikuwa vizuri," Beth alisema.

"Kwa hiyo fremu haijaondoka humu."

"Moto ni wa nani?" Ngatia aliuliza. "Si ni wa huyu?"

"Mtungi ni wa Mugendi. Lakini Mugendi alikuwa Kutus, na yeye kuliko sisi wote anajua moto unafanya nini kwa alumini. Aliyefanya hivi hakujua. Aliyefanya hivi amezoea chuma. Ukikipasha chuma moto, kinatanuka, kinaachia, kila siku, miaka arobaini. Alitaka kusaidia. Alibana kwa mbao ili asiumize. Nguzo ikaachia, na gundi nayo ikaachia." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sitaki kusema jina. Nataka tu huyu mtu asimame, kwa sababu Mugendi hawezi kulala ndani kwa ajili ya kitu ambacho hakugusa."

Mvua ilianza kugonga mabati.

Mzee Gatimu aliweka kiraka chini. Alisimama polepole, akakisogeza kigoda, akageukia rundo la tairi. Alitoa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Goti lilimsumbua, Mugendi alitaka kwenda kumsaidia lakini Njoki alimzuia kwa mkono. Kutoka ndani ya tairi mzee alichomoa fremu ya kijivu. Mrija wa juu ulikuwa umechomoka kwenye kiungo chini ya kiti, ukaning'inia kama mkono uliovunjika.

"Ni mimi," alisema.

"Mzee!" Beth alishika mdomo.

"Nilitaka akirudi Karatina aikute nguzo iko nje." Hakumtazama mtu. "Wiki mbili namwona anadondosha mafuta kama anayelisha kifaranga. Nikasema, huyu msichana amenipita kwa kila kitu, wacha nimsaidie kitu kimoja na mikono yangu. Alishaniambia hiyo mambo ya gundi. Sikuamini. Saa kumi na moja ikafunguka, vuup, hivi. Nikakaa hapa mpaka saa moja nikiitazama. Nikaogopa."

"Uliogopa nini?" Ngatia aliuliza. Hasira yake ilikuwa imekosa mahali pa kusimama.

"Huyu." Mzee alimwonyesha Njoki kwa kidevu. "Mimi ndiye nilimfundisha kutokuwa na haraka."

Kisha alimgeukia Mugendi, akavua kofia. "Jana wamekutukana, na mimi nimeketi hapa nikisikia. Gesi nitairudisha. Hiyo ingine sijui nitairudisha na nini."

Mugendi alishusha pumzi ndefu. "Anza na gesi," alisema. "Hiyo ingine tutaonana."

Askari alimuuliza Ngatia kama bado kulikuwa na mashtaka. Ngatia alitazama fremu iliyovunjika, mzee, kisha Njoki.

"Jumamosi ni keshokutwa," alisema. "Mama atasikia nini?"

Walianza kazi kabla ya saa tano. Njoki alisafisha kiungo kwa msasa mpaka kikang'aa, akachanganya gundi ya sehemu mbili, akaingiza mrija, akarudisha skrubu. Gundi ile ilihitaji siku saba katika baridi ya Agosti. Hawakuwa nazo. Lakini joto la kadiri lingeisaidia, la kadiri tu, na hapo mzee Gatimu aliomba apewe kazi hiyo. Aliwasha jiko la makaa, akaliweka mbali na fremu, akaketi. Kila robo saa aliweka kiganja juu ya alumini kama mama anayepima homa ya mtoto, akasogeza jiko nyuma au mbele. Mugendi alimwachia makaa bila kusema neno.

Ijumaa jioni walifunga magurudumu. Njoki aliibonyeza fremu, akasikiliza.

"Itajibeba yenyewe," alisema. "Lakini mtu hawezi kuipanda kabla ya wiki ijayo. Itafunguka tena."

"Basi tutaisukuma," mzee alisema. "Nitaisukuma mimi. Wewe nenda Nanyuki. Beth ameniambia kuhusu ile kazi."

"Ikitembea pole pole haiwezi kulia vile anataka. Lazima ikimbie. Unaweza kukimbia na hilo goti?"

Mzee aliweka mkono juu ya goti.

"Na nilisema nitaileta mimi mwenyewe," Njoki alisema.

Jumamosi saa tatu alimpigia Ben, akamwomba asogeze mpaka saa nane.

"Njoki, saa nane tunafunga mizigo. Yule wa Meru ameshafika, ameketi hapa nje. Nikupe mpaka saa nne na nusu. Uko wapi?"

"Mweiga."

"Basi hufiki," Ben alisema, kwa huzuni ya kweli.

"Sifiki," Njoki alisema. "Asante kwa kuniona."

Saa nne kasoro dakika tano, alisimama juu ya mteremko, pale njia ya shamba inapoachana na barabara. Chini aliliona lango, lori lililopakiwa vitanda, na cucu Murugi ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, leso kichwani. Mzee Gatimu alikuwa ametangulia kwa mguu. Njoki alimwona akifika, akivua kofia, akiinama karibu na sikio la bibi.

Ngatia, aliyekuwa amesimama hapo, alimsimulia baadaye walichosema.

"Mama, mimi ni Gatimu, fundi. Nimekuja kukuambia ukweli. Baiskeli ya mzee wako niliivunja. Huyu msichana ameirudisha, lakini hakuna mtu anaweza kuipanda leo. Na nilificha. Nikaacha mtu mwingine alaumiwe."

Cucu aligeuza sikio kuelekea barabarani. Kisha akauliza, "Lakini imekuja?"

"Imekuja. Iko pale juu."

"Basi nyamaza, nisikie."

Njoki alishika usukani kwa mikono miwili, akaanza kutembea, akaongeza hatua, kisha akakimbia. Magurudumu yalishika mteremko. Friwili ilianza kwa tik moja moja, zikafuatana, zikaungana, mpaka ikawa sauti moja nyembamba, ya haraka, ikateremka mbele yake kati ya mashamba ya viazi. Alikimbia mpaka kifua kikamuuma.

Chini, nje ya nyumba, cucu Murugi aliinua kichwa.

"Ngatia," alisema. "Weka chai."